Soma tope kabla hujalifuta

Pole sana. Umeuliza uanzie wapi sasa maji ya mvua yamejaa nyumbani kwako South C, Nairobi, na kuacha tope kila chumba, na kama kuna funzo hapo zaidi ya hasara. Lipo, lakini liko kwenye hilo tope lenyewe, na wengi hulifuta asubuhi ya kwanza.

Umeme kwanza. Usikanyage maji swichi kuu ikiwa bado imewashwa. Sanduku la mita likilowa, usiliguse. Piga Kenya Power, 97771.

Kisha tafuta futi. Ukutani kuna mstari wa kahawia maji yalipofika. Upime kutoka sakafuni, upige picha, na uweke alama ya msumari nyuma ya mlango. Soketi, ekstensheni, friji na sanduku la vyeti vyote vikae juu ya mstari huo kuanzia leo.

Halafu tazama tope lilipojaa zaidi. Likiwa nene mlangoni na jembamba kadiri unavyoingia ndani, maji yalitoka barabarani au kwenye mtaro ulioziba. Hapo kizingiti cha matofali kitasaidia. Kwa dharura, magunia ya mchanga yajazwe nusu tu, midomo ikunjwe chini, yapangwe kama fundi anavyopanga matofali, na karatasi ya plastiki itangulie chini yake. Gunia lililojaa pomoni halilaliani na jenzake, na maji hupita katikati.

Likiwa jeusi, linanuka, na limejaa zaidi bafuni, basi maji yalipanda kutoka bomba la majitaka. Kuinua kizingiti hapo ni kupoteza simiti, tena utayafungia maji ndani. Kinachotakiwa ni vali ya kuzuia maji kurudi, iwekwe na fundi wa mabomba kati ya nyumba na shimo la majitaka la nje. Ifunguliwe na kusafishwa kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, kwa sababu kitambaa kidogo tu kikikwama, kifuniko hakifungi. Na mafuriko yakija, msivute maji ya choo: vali ikijifunga, yenu nayo hayatoki. Mpangaji amwonyeshe mwenye nyumba zile picha; bila picha mtabishana hadi mvua nyingine.

Tope litolewe likiwa bichi, kwa beleshi, liingie guniani. Ukilisukuma kwenye mtaro, umejiandalia mafuriko ya pili. Osha kwa sabuni na maji kwanza, ndipo upitishe dawa ya klorini, kama robo lita kwa ndoo ya lita 20. Juu ya uchafu klorini huisha nguvu bila kuua kitu. Madirisha yawe wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka huunguza mapafu. Vaa gambuti na glavu.

Godoro la sponji lililonyonya majitaka halioshwi likapona. Litupe, pamoja na unga, hata pakiti ikionekana kavu juu.

Vyeti ndivyo vyenye haraka, maana ukungu huanza baada ya siku moja au mbili. Vitenganishe kwa tishu, vikauke kivulini penye upepo, si kwa pasi. Vikiwa vingi, vitie kwenye mfuko ndani ya friza ya jirani hadi upate nafasi.

Usijaribu kumaliza nyumba nzima kwa siku moja. Chumba kimoja cha kulala kikauke kwanza, kisha jiko. Watu wakilala na kula, kazi nyingine itasogea.

Rangi isubiri. Bandika kipande cha plastiki ukutani kwa gundi pande zote nne, kilale hapo usiku kucha. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji, na rangi yoyote utakayopaka itabambuka.