Kuhamia mji mdogo wa Iowa na watoto: jueni kwanza nani mwenye shule

Dada uliyeuliza kama watoto wako wanne watapotea mkihama Houston, Texas, kufuata kazi ya kiwanda cha nyama kule Iowa: hawatapotea. Mimi na mume wangu tunalea wetu katika mji mdogo wa jimbo hilohilo, na ninachotaka ukijue mapema ni nani mwenye shule.

Usitafute wizara. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, na Iowa peke yake inazo zaidi ya 300. Wilaya hiyo haiko chini ya meya. Ina bodi inayochaguliwa na wakazi, Novemba ya kila mwaka witiri, na wajumbe hawalipwi mshahara. Kwetu mmoja analima mahindi, mwingine anauza bima. Hao ndio wanaomwajiri mkurugenzi wa shule zote za wilaya, na wanaweza kumwondoa. Vikao viko wazi, ajenda hubandikwa kabla, na kwetu wananchi hupewa dakika chache za kusema. Bila uraia hupigi kura, ila kusema utasema. Nenda hata kama huna shida, wakujue sura.

Na usiingie ofisini umejikunyata! Fedha za shule hutoka kwenye kodi ya ardhi na nyumba za hapo, na fungu kubwa hutoka jimboni kwa kufuata idadi ya wanafunzi inayohesabiwa Oktoba 1. Miji mingi ya vijijini vijana wameondoka, wilaya zimeunganishwa, nyingine zinagawana madarasa: wadogo wanasoma mji huu, wa sekondari wanapelekwa mji jirani. Watoto wako wanne mahali kama hapo wana uzito. Wanasaidia shule isifungwe.

Karatasi za uhamiaji zisikutie hofu ya kuandikisha. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler iliyotokea hukohuko Texas, kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hiyo.

Penye mambo ni lugha. Mji tulikofikia mwanzo, shule iliniita kuhusu utovu wa nidhamu wa mwanangu, wakamweka kaka yake atafsiri. Mtoto wa miaka 12 anamweleza mama yake makosa ya mdogo wake! Nilikataa, nikaomba kikao kiahirishwe. Safari ya pili walimpata mkalimani wa Kiswahili kwa simu, na hapo ndipo nilipoelewa kumbe kijana alikuwa anataniwa kwenye basi kila asubuhi. Kumtafuta mkalimani ni jukumu la shule, na hulipi. Siku ya kuandikisha, kwenye fomu ya lugha ya nyumbani, andika Kiswahili, hata kama watoto wanaongea Kiingereza vizuri. Fomu hiyo pia ndiyo mwanzo wa mtoto kupimwa kama anahitaji msaada wa Kiingereza.

Basi la njano ni haki kwa mtoto wa shule ya msingi anayekaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, na zaidi ya maili 3 kwa wa sekondari ya juu, kwa hiyo pima kabla ya kupanga nyumba. Jazeni pia fomu ya chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu. Mkikubaliwa kwa kipato, ombeni na ada ya vitabu ifutwe. Fomu yake ni nyingine, na kwetu ofisini hawakuitaja mpaka nilipouliza.