Usiguse sources.list kabla hujajaribu su yenye kistari

Wewe uliyeweka Debian 12, mfumo wa Linux, jana, adduser (ya kufungua akaunti) na ifconfig (ya kutazama mtandao) zikakujibu "command not found", na sasa kuna bingwa kakushauri uongeze mistari ya Ubuntu, Linux nyingine, kwenye sources.list, faili linaloiambia mashine ipakue programu kutoka wapi: toa mkono kwenye hilo faili. Salamu tutapeana baadaye.

Hiyo adduser unayo. Umeingia kwa su tupu, ile amri ya kugeuka root (msimamizi mkuu wa mashine), siyo? Tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su tupu inakupa madaraka ya root lakini inakuachia PATH yako ileile ya mtumiaji wa kawaida, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Adduser, usermod na fdisk zinakaa /usr/sbin, na folda hiyo haimo kwenye orodha yako. Andika su - yaani su, nafasi, kistari. Basi.

Mimi kistari hicho kilinikosesha usingizi siku mbili. Novemba 2019, kibanda changu cha kuchapa hapa Arua, Uganda, mitihani ya kufunga mwaka ya shule moja ya msingi imo kwenye diski, darasa la kwanza mpaka la sita. Nataka tu kumfungulia kijana wangu wa kazi akaunti yake. Adduser haipo. Nikaandika apt install adduser (apt ndiyo huweka programu), ikanijibu kwamba tayari ninayo, tena toleo jipya kabisa. Mashine inaniambia ukweli usoni, mimi nikaenda kumwita fundi!

Fundi akala rolex zangu mbili (chapati za kuviringisha na mayai), akatazama kioo, akatangaza kwamba Debian yangu ni "pungufu". Akabandika mistari ya Ubuntu 19.10. Apt ikalalamika haina ufunguo wa kukagua kama vifurushi ni halali, yeye akachomeka trusted=yes, yaani "amini tu", kuinyamazisha. MB nilizonunua za wiki nzima zikaisha kwa kupakua vifurushi. Alipoviweka mwenyewe kwa dpkg -i, amri ya kuweka vifurushi moja kwa moja, ikagoma kwamba haioni ldconfig, amri nyingine ya /usr/sbin, kwenye PATH. Ugonjwa uleule! Fundi akasema hiyo ni dalili nyingine ya upungufu, akawasha upya kwa recovery mode (hali ya matengenezo, unaingia kama root) akaendelea. Na huko PATH ya root ni kamili, adduser ingekubali mara moja, lakini nani alikumbuka kuijaribu? Mashine ikachanganya maktaba za programu za Debian na za Ubuntu, tukawasha: kioo cheusi, kistari kinapepesa kona ya juu. Nadhani kilikuwa kinanicheka.

Hapo bado mafaili yalikuwa salama. Ningewasha kwa flashi, nikanakili /home, folda ya mafaili yangu, nikalala. Fundi yuleyule akasema "weka upya tu", nami kwa hasira nikachagua kutumia diski nzima. Mitihani ikaenda. Mwalimu mkuu alifika asubuhi na boda akanikuta nachapa hesabu za la nne upya kutoka kwenye karatasi za walimu, macho mekundu. Fundi alikuwa ameshachukua shilingi 30,000 zake, na simu hapokei mpaka leo. Akisoma hapa, rolex nimesamehe, hiyo 30,000 hapana.

Kwa hiyo amri ikikosekana, itafute ndani kabla ya kuileta kutoka nje. Andika whereis adduser. Ikitoka /usr/sbin/adduser, ipo, shida ni PATH. Ifconfig ndiyo kweli huna, maana kifurushi chake, net-tools, hakiwekwi chenyewe tangu Debian 9. Badala yake tumia ip a. Na kama sudo, amri ya kukopa madaraka ya root, inakukatalia, ni kwa sababu ulimpa root nywila wakati wa kuweka mfumo, kwa hiyo jina lako halikuingizwa kwenye kundi la sudo. Ingia kwa su - kisha adduser jinalako sudo, toka, ingia tena.

Fanya hiyo whereis sasa hivi ubandike hapa jibu lake, kabla hujanunua MB.