Kocha msaidizi mpya, acha kumwuliza mchezaji "uko freshi?"

Jumamosi nimemwona kocha msaidizi mpya, dogo ninayempenda sana, anammwagia beki maji kichwani baada ya kugongana hewani, anamwuliza uko freshi, beki anasema freshi, anarudishwa ndani. Nilishindwa kukaa. Mimi nimecheza beki ya kushoto chuoni miaka mitatu huku nasoma diploma ya utabibu, sasa niko benchi la ufundi na MD, digrii ya udaktari, bado naisaka, kwa hiyo wadogo zangu nisikilizeni.

1. Kupasha sio raundi mbili na kujinyoosha, ile FIFA 11+, programu ya FIFA ya kupasha ili kuzuia majeraha, ni dakika 20 tu, ifanyeni angalau mara mbili kwa wiki.

2. Kichwa. Mwaka wangu wa kwanza benchi winga wetu aligongana na kipa wao, akalala kidogo, nikaingia mbio na maji na sprei. Mtikisiko wa ubongo nilishausoma na kuufanyia mtihani na maksi nilipata! Nikamwuliza uko freshi, akasema freshi kaka. Tunaongoza moja bila, sabu zimeisha, nikamrudisha. Haikupita muda mpira unamfuata anautazama tu, halafu anasogea kwenye mstari ananiuliza kwa upole kabisa, "Kaka, leo tunacheza na nani?" Nikamtoa, tukabaki kumi. Kwenye Kosta akatapika mara mbili mapajani kwangu, nikawa nimemshika kichwa hivyo hivyo mpaka hospitali, na usiku mama yake akapiga, akaniuliza, "Mwanangu, ulimwona ameumia ukamrudisha?" Nikasema ndiyo mama. Akanyamaza, simu haijakatwa, namsikia anapumua tu. CT-scan ilikuja haina damu, nashukuru Mungu, ila wiki tatu nzima mwanga wa simu tu ulikuwa unamuumiza na testi mbili zikampita.

Basi ulizeni haya: tuko uwanja gani, kipindi cha ngapi, nani kafunga goli la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akikosea hata moja anatoka. Akipatia yote ila kichwa kinauma au anaona mawenge, anatoka pia na siku hiyo harudi, hata iwe fainali, hata bosi wako anakufokea pale pale.

3. Mchezaji akidondoka mwenyewe bila kuguswa, kama Foé wa Cameroon kule Lyon 2003 au Eriksen wa Denmark 2021, haamki na hapumui kawaida, hapo maji ya nini? Kandamiza katikati ya kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mwingine akimbilie gari na mashine ya kushtua moyo kama ipo.

4. Mnaotaka MD kama mimi, GPA ya diploma ikishuka chini ya 3.0 hakuna kocha wa kukuombea. Sócrates wa Brazil alimaliza udaktari huku anacheza mpira, inawezekana kabisa, ila madogo mnatoka mazoezini saa 12 mnakaa kijiweni kubishana Simba na Yanga mpaka saa 5 usiku, kesho mna sapu ya anatomia! Daftari langu lilikuwa linakaa kwenye mfuko wa koni, nasoma ndani ya daladala nimesimama.

Dogo wa Jumamosi, keshokutwa njoo mapema kabla hatujapanga koni. Yule winga atakuwepo, akuulize yale maswali matano, anayajua kuliko mimi.