Bustani Mwanza: mvua, mbegu na duka lisilotaka kukusikiliza

Mleta mada, umeuliza mawili. Umehamia Buhongwa, una kieneo nyuma ya nyumba, unataka kujua mboga zinapandwa lini huku kwetu. Halafu ukaeleza kwamba ulinunua mbegu za nyanya mjini, hazikuota, na uliporudi dukani ukaambiwa mbegu ikishafunguliwa hairudishwi. Wadau wamekujibu vizuri hilo la kwanza. La pili wamelipita juu juu: "ndiyo biashara za Bongo, zoea." Mimi sikubali kuzoea. Kwa mvua zetu za Mwanza, mbegu mbovu inakula zaidi ya hizo elfu chache ulizotoa. Inakula msimu mzima, na msimu haurudishwi na mtu yeyote.

Mimi nalima mboga Buswelu. Nilianza na za kula nyumbani, sasa nauzia majirani na mama mmoja mwenye genge. Ninayoyasema nimeyapitia.

Tuanze na mvua. Tuna misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Januari na Februari mvua hupungua lakini haikatiki kabisa. Juni hadi Agosti ndiyo kiangazi chenyewe, nyasi za vilimani zinakauka, vumbi kila mahali. Kwa mwaka mjini tunapata kama milimita 1,000, wakati Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili hili, wanapata karibu mara mbili ya hizo. Kinacholeta tofauti ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake. Upepo unatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko katikati, hewa inapanda na radi zinaanza. Kisha upepo wa mashariki unayasukuma mawingu kwenda upande wa Kagera. Ndiyo maana ukilala Bwiru au Ilemela unaweza kuona radi zinamulika ziwani usiku kucha, ukaamka asubuhi ukakuta uani kwako pakavu kabisa.

Mchana mambo yanageuka. Nchi kavu inapata joto, upepo wa ziwa unaingia, mawingu yanajijenga juu ya vilima na ikifika alasiri yanamwaga. Mvua ya namna hii inachagua. Nyegezi wanaweza kufunga maduka kwa mafuriko huku Nyamhongolo mtu anamwagilia kwa ndoo. Utabiri wa msimu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nausoma kila unapotoka na unanisaidia kujua kama nipange mazao ya mvua nyingi au ya mvua chache, lakini siku ya kupanda naamua kwa jembe. Chimba. Udongo ukiwa umelowa kufikia kina cha kiganja, panda. Ukikuta unyevu juu tu na chini vumbi, subiri, hata kama ngurumo zimekutikisa mabati usiku kucha.

Udongo nao uangalie kabla hujanunua chochote. Wasukuma wana majina yake kwa mpangilio wa mteremko, na majina hayo yana faida kuliko maelezo mengi ya kwenye mifuko ya mbolea. Juu karibu na mawe kuna luseni, kichanga ambacho maji yanapita haraka na mbolea inaondoka nayo. Ukishuka unaweza kukutana na ibambasi, udongo mgumu ambao jembe linaruka. Chini kabisa ni mbuga, mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mwulize mwenyeji wa mtaa wako kiwanja chako kina upi. Kama ni luseni, weka samadi iliyooza vizuri kwa wingi na ufunike matuta kwa nyasi kavu. Kama ni mbuga, inua matuta juu, la sivyo mizizi itaoza Aprili.

Sasa tarehe zenyewe. Mchicha, mnafu na sukuma wiki panda vuli bila wasiwasi. Mchicha unauvuna baada ya wiki tatu hadi nne hivi, kwa hiyo hata ukikosea mvua moja unapanda tena. Nyanya ni habari nyingine. Mvua zikikolea, bakajani, ugonjwa wa ukungu, inashuka na kumaliza shamba ndani ya siku chache: madoa ya kahawia yenye maji maji kwenye majani, kisha shina linakuwa jeusi. Mimi nyanya zangu nataka ziingie shambani mwanzoni mwa Mei, masika ikiwa inaaga. Zinakuta unyevu bado uko ardhini, zinachanua na kuzaa kiangazi ukungu ukiwa umepungua. Hapo utapambana na kanitangaze tu, yule mdudu anayechimba ndani ya jani na kuacha njia nyeupe, na huyo ukimwahi kwa kuchuma majani yaliyoathirika na kuyachoma anapungua.

Piga hesabu ya kurudi nyuma. Miche inakaa kitaluni wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mbegu unaisia mwanzoni mwa Aprili. Mbegu ya nyanya huota ndani ya wiki moja, siku kumi ikichelewa. Ina maana kama ni mbovu, utajua katikati ya Aprili. Ongeza siku za kuzungushwa na duka, njoo kesho, bosi kasafiri. Ukipata mbegu nyingine na kusia upya, miche yako inaingia shambani Juni, udongo umekauka, na kila ndoo utakayomwaga mpaka mavuno unailipia kwenye bili. Kijana wa dukani anaona pakiti moja. Wewe unaona mwezi umepotea.

Yamenikuta. Masika moja nilisia mbegu niliyonunua kwenye duka la pembejeo mjini, na kitaluni kukatoka miche ya kuhesabu kwa vidole. Mchicha niliousia pembeni yake, kwa maji yale yale na mikono ile ile, ulikuwa umeota kama zulia. Nikapanda daladala kurudi. Pale mlangoni ndipo nikaona pakiti za aina ile ile zimening'inizwa kwenye waya, upande ambao jua la mchana linapiga moja kwa moja. Nyanya za kwenye picha zilishapauka zikawa za waridi.

"Mama, ulimwagilia?" akaniuliza kijana.

"Asubuhi na jioni."

"Basi ulizidisha maji."

Nikamwambia habari ya mchicha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, mbegu ikishafunguliwa sisi hatuhusiki. Na mwenye duka hayupo."

"Anarudi lini?"

"Wewe pitia pitia tu."

Hilo la "pitia pitia" ndilo linaloniumiza kuliko mbegu zenyewe. Kutoka Buswelu hadi mjini na kurudi ni nauli, na ni nusu siku ya kazi. Anayekuambia upitie pitie anajua kwamba safari ya tatu hutakuja. Kijana mwenyewe simlaumu sana, kwa sababu amewekwa pale kuuza na hakupewa ruhusa ya kurudisha hata shilingi mia. Namlaumu anayemwacha kaunta peke yake na jibu moja la kumpa kila mtu. Na mbegu ni kitu chenye uhai. Joto na unyevu vinaiua polepole, na hapa tulipo, kando ya ziwa, vyote viwili vipo. Mtu anayeuza mbegu anapaswa kujua kwamba pakiti ya juani mlangoni ni pambo, si bidhaa.

Nilichofanya ni hiki, na ndicho ninachokushauri. Nilikuwa sijamaliza pakiti. Nikahesabu mbegu 100, nikazipanga kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, nikakikunja, nikakiweka kwenye sahani kivulini ndani ya nyumba, kila siku nakinyunyizia maji kisikauke. Nilimwita afisa ugani wa kata aone tangu mwanzo, naye akaandika tarehe. Siku zilipotimia tukafungua pamoja: zilizotoa kimzizi cheupe hazikufika hata robo. Kiwango cha uotaji kilichoandikwa kwenye pakiti kilikuwa juu mno ya hapo. Nikaenda dukani na sahani yenyewe, pakiti na risiti. Safari hii mwenye duka alikuwepo, mzee mmoja mtulivu. Alikifunua kile kitambaa mwenyewe, akazigeuza mbegu kwa ncha ya kalamu, akamwambia kijana alete pakiti ya kundi jingine kutoka ndani. Hakubishana hata neno. Nilimshukuru kwa moyo, ingawa Aprili ilikuwa imeshaisha na nyanya za mwaka ule nilizimwagilia kwa ndoo hadi mwisho.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama pakiti yako ina mbegu zilizobaki, usizitupe. Fanya jaribio hilo wiki hii. Kama uliimwaga yote, bado una pakiti: tazama namba ya kundi, tarehe ya kupimwa na kiwango cha uotaji. Pakiti nyingi siku hizi zina lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, yenye namba ya kukwangua ambayo unaihakiki kwa simu. Isipotambulika, hiyo si kesi ya "ulizidisha maji" tena, huenda umeuziwa mbegu ya kufoji, na TOSCI ndio wa kuambiwa. Malalamiko ya mlaji kwa ujumla yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Risiti idai ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono isiyo na jina la duka itakukwamisha popote utakapokwenda.

Lakini kabla hujaenda kugombana, jiridhishe kwamba kosa ni la mbegu, maana nimeona pia wenye maduka wakionewa. Fukua kidogo kitaluni. Ukikuta mbegu nzima zimelainika bila kuchipua, kesi yako ina nguvu. Ukikuta miche ilitoka ikaanguka, shingo imesinyaa usawa wa udongo, hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa kitalu kilichobanana na kunyeshewa kupita kiasi. Usipokuta chochote, angalia sisimizi, wanabeba mbegu ndogo mstari mzima. Majivu kuzunguka kitalu yanasaidia. Na kama miche ilikua vizuri ikaja kunyauka ghafla mchana, bado kijani, kata shina karibu na mzizi, utumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Huo unakaa kwenye udongo. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya, hata muuzaji akuape. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Weka mahindi au mchicha.

Tangu masika ile mbegu za nyanya nazinunua Februari, duka likiwa halina foleni na muuzaji ana nafasi ya kuongea. Najaribu kidogo kwenye kitambaa, na kama ni mbovu nina mwezi mzima wa kwenda na kurudi kabla ya tarehe ya kusia. Kwa vuli fanya hivyo Agosti. Muulize pia muuzaji, kabla hujatoa hela, mbegu isipoota inakuwaje. Duka litakalokujibu vizuri siku hiyo ndilo la kulirudia, hata kama ni ghali kidogo.

Kuna mdau hapo juu amekushauri ukodi kipande ufukweni Luchelele ili maji yawe karibu. Fikiria mara mbili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Na hata ukiiacha sheria, ziwa lenyewe hupanda: 2020 lilimeza bustani nyingi za kando, 2024 likarudia. Gugu maji ndilo jambo la kulitafuta huko. Wavuvi wanalivuta nje kwa shida na watakuachia bure. Lianike likauke kabisa, lichanganye na samadi, lioze vizuri. Kwenye luseni ni mbolea nzuri mno.

Wakati unasubiri duka likujibu, usiache kieneo chako kitupu. Jirani yeyote Buhongwa ana matembele. Mwombe marando, atakupa kwa furaha. Kata vipande vya urefu wa kiganja na nusu, laza vifundo vitatu ndani ya tuta lililolowa, mwagilia jioni. Wiki ya kwanza yatalala kama yamekufa, usiyang'oe. Baada ya mwezi hivi unachuma majani, na ukichuma ncha yanazidi kutawanyika.