Afande, ni halali kulipa kiingilio cha jela?

SWALI: Jambo Afande. Shemeji yangu anaishi Perth, Australia. Desemba tunakwenda kwake na kijana wetu wa miaka tisa, naye anataka kutupeleka kwenye Gereza la Fremantle, siku hizi ni la watalii. Mama mkwe kakataa: eti kulipia kuona mahali watu waliponyongwa ni kujitafutia mikosi. Wewe ulikuwa askari magereza. Twende? – Mama Kijana, Lira

JIBU: Nendeni, mwanangu. Hata mimi nililipa. Binti yangu alinipeleka nilipostaafu, akidhani nitacheka kuona watu wanapanga foleni kuingia jela kwa hiari yao. Sikucheka.

Wafungwa waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza kuanzia 1850 ndio waliochimba mawe ya chokaa palepale kilimani wakajijengea jela yao, 1855 wakahamia. Chumba cha mtu mmoja kilikuwa kama mita mbili kwa moja na kidogo. Nilijaribu kunyoosha mikono: viganja viligota ukutani huku na huku, viwiko bado vimekunjwa.

Ila kilichonisimamisha ni ndoo. Gereza lilifungwa 1991, na mpaka mwaka huo vyumbani hamkuwa na choo, ni ndoo yenye kifuniko. Kituo changu cha kwanza tulikuwa nazo vilevile. Mlango ukifunguliwa alfajiri, kabla ya hesabu, kabla ya uji, ni msururu wa ndoo, na askari mgeni hupangiwa kuusimamia. Ile ya Fremantle ni kavu, imeoshwa. Wazungu waliinama kuchungulia. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili bila kujijua.

Kijana aonyeshwe chumba cha James Walsh, mfungwa wa kughushi, aliyejaza kuta michoro. Ilipakwa chokaa, ikaja kuibuka miaka mingi baadaye. Chumba cha kitanzi kilimeza watu 44, wa mwisho 1964. Hapo mtoto abaki nje na baba yake. Ziara ya usiku ya tochi, ya kushtuana gizani, niliikataa. Kwa hiyo moja mama mkwe ana haki.

Lakini muulize kama amewahi kufika Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo, Kampala, kwenye vile vyumba vya zege walimofungiwa watu enzi za Idi Amin. Kule nako kuna kiingilio, na maandishi ya waliofungiwa yako ukutani. Kutoka Lira ni basi moja tu. Mpeleke kabla ya Desemba, halafu mzungumze upya habari za mikosi.