"Limited" kwenye jina la kampuni si udogo

Ndugu, umeuliza kama "limited" kwenye jina la kampuni maana yake ni kampuni ndogo, au isiyoruhusiwa kufanya biashara zote. Hapana. Kilichowekewa ukomo pale ni dhima ya wenye hisa, yaani wajibu wao wa kulipa madeni ya kampuni. Tuseme umenunua hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja, na milioni yako umeilipa yote. Kampuni ikafa na deni la milioni 50: milioni yako imekwenda, lakini wadai hawaji kubeba kochi lako sebuleni wala kuuza shamba la mzee. Kule Uingereza kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu aliyedaiwa madeni ya kampuni yake, iliyoamuliwa mwaka 1896, ililiweka wazi hilo, na sheria za makampuni za Tanzania na Kenya zinafuata msingi huohuo.

Ila jihadhari sana na benki. Nyingi humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa, kabla ya kutoa mkopo, na ukisaini, ukuta uliokinga mali yako umeubomoa mwenyewe. Nakuomba usome kila ukurasa kabla hujashika kalamu.

Nje ya biashara, neno hili ni uchache au ukomo tu. "Seats are limited": nafasi ni chache, wahi. Mtu akisema "my English is limited", Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Usilichanganye na "restricted", maana hilo lina mkono wa aliyezuia, kama bango la "restricted area" kwenye geti la kambi: bila kibali hupiti.