Je, ni haki kudai cheti cha chanjo mlangoni?

Ndugu, umeuliza kama ni haki mtu kudaiwa cheti cha chanjo ndipo aruhusiwe kuingia uwanjani au kwenye tamasha. Kwa maoni yangu, inategemea kwanza chanjo yenyewe inazuia nini: ikiwa inamkinga aliyechanjwa asiugue sana lakini haizuii vya kutosha maambukizi kwa wengine, kama ilivyodhihirika Omikroni, aina ya kirusi cha korona (UVIKO-19), ilipoenea mwishoni mwa mwaka 2021, hoja ya kuwalinda walioketi jirani naye hupungua nguvu. Ufaransa mwaka huo ilikubali pia majibu ya kipimo au uthibitisho wa kupona, utaratibu ninaouona wa haki zaidi, ingawa kuanzia Oktoba wengi wasiochanjwa walitakiwa kujilipia kipimo, na hapo asiye na fedha (simlaumu) alibaki nje.